Baiskeli, Viatu na Fundi wa Njiani

Vifaa vingi vya mlimani vilivyopo Moshi havikuwahi kupita dukani. Vilikuja na mgeni, vikapanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, vikashuka, vikaachwa kwa mgumu, yaani mpagazi aliyebeba mzigo, na mgumu naye, ada za watoto zikimbana, akavipeleka soko la Memorial. Vingine vilikuja ndani ya belo la mitumba pamoja na mapazia na mashati ya ofisini. Ndiyo maana pale Memorial, au Kiboriloni siku ya soko, unaweza kukuta koti la kupandia mlima limetundikwa ubavuni mwa gauni la harusi, na muuzaji anakuambia hajui hata ni koti la nini. Anajua sana. Anasubiri aone unavyolishika.

Mimi niliingia mlimani kwa mlango huo wa wagumu. Nilibeba, baadaye nikapika, na baiskeli ikaja mwisho, nilipochoka kungoja msimu wa wageni ndipo niione milima ya kwetu. Kwa hiyo maoni yangu kuhusu vifaa ni ya mtu aliyebeba vya wengine kabla hajanunua vyake. Getini mzigo wa mgumu hupandishwa kwenye mizani, na kikomo ni kilo 20. Ukishazoea kutembea na kilo hizo za mtu mwingine kichwani, wewe unatangulia, mwenye mzigo yuko nyuma na fimbo mbili za kisasa, huulizi tena kama kitu ni kizuri au kibaya. Unauliza: hiki kikivunjika hapo mbele, nani atakigusa?

Nianzie miguuni. Mwenzangu mmoja aliletewa na shemeji yake viatu vya mlimani kutoka Ujerumani, vya ngozi, vinang'aa, vilivyovaliwa mara chache sana na kukaa kabatini miaka. Tukaenda navyo Mlima Meru. Siku ya kwanza, kutoka geti la Momella hadi vibanda vya Miriakamba, hakuna shida. Siku ya pili, ngazi za kwenda Saddle Hut, kiatu cha kulia kikaanza kucheka. Kabla hatujafika, soli nzima ilikuwa imebaki nyuma kama ulimi, na cha kushoto nacho kinafuata. Askari wa hifadhi aliyetusindikiza na bunduki yake, kwa ajili ya nyati, alisimama akatazama, akasema, "Kaka, hivyo viatu vimekufa siku nyingi, leo ndiyo vinazikwa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Ile tabaka laini iliyo katikati ya soli, inayokupa raha ukikanyaga mawe, kwenye viatu vingi vya mlimani hutengenezwa kwa poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunjavunja polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kabati haliiokoi. Kiatu kinachotembea mara kwa mara mara nyingi hudumu kuliko kile kilichotunzwa kwa heshima. Ipo pia soli ya povu la aina nyingine, ile nyepesi ya raba za kukimbilia, ambayo haiozi hivyo, ila hulala mapema na kupoteza mnepo wake.

Ndiyo maana nikiwa Memorial siangalii ngozi. Nageuza kiatu ubavu, nabonyeza ukucha wa dole gumba kwenye ile tabaka ya kati. Ukitoka unga, au pakibaki shimo lisilorudi, naweka chini na kusema asante mama, hata kama bei ni ya bure. Halafu naangalia kama soli imeshonwa kwa uzi kuzunguka au imegandishwa kwa gundi tupu. Kilichoshonwa, fundi viatu yeyote wa stendi anakiweza. Atakata, atachonga raba ya tairi la gari, atapiga uzi wa nailoni, na utaondoka na kiatu kizito kidogo lakini kitakachokuzika wewe. Vile vya mwenzangu vilipata soli ya tairi hivyo hivyo, na bado anavivaa. Siku ile Meru tulivifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vile virefu wanavyofungia kreti za soda kwenye keria. Sijaona kamba ya dukani inayoshinda kipande cha tyubu. Kinavutika, hakikati ngozi, hakifunguki kwa mtikisiko, na ukikosa kamba ya hema kinafanya na kazi hiyo.

Tukiwa bado kwenye viatu: chukua kikubwa. Kupanda kunachosha mapafu, lakini kucha za miguu zinang'oka wakati wa kushuka. Kutoka kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, mita 4,673, hadi geti la Mweka ni mteremko wa karibu mita 3,000, na vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua. Soksi mbili, nafasi ya kidole nyuma ya kisigino, kucha zikatwe kabla ya safari. Mgeni mwenye viatu vya bei kubwa vinavyombana ndiye anayeshuka kinyumenyume siku ya mwisho.

Sasa baiskeli. Yangu ni ya inchi 26, fremu ya chuma, gia saba nyuma, breki za waya. Vijana wa Arusha wenye baiskeli za matairi makubwa ya 29 huiangalia kwa huruma. Ni kweli kwamba tairi kubwa linapita juu ya mawe kwa upole zaidi, na mimi nikipanda ya rafiki naona tofauti. Lakini nenda Lukozi, ule mji wa kabichi na viazi kwenye njia ya Lushoto kwenda Mtae, uliza tairi la 29. Utaonyeshwa tairi la 28, la Phoenix, na mwenye duka ataapa kwamba ni lile lile. Si lile. Rimu ya 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, ile 28 ya baiskeli za mizigo ni 635, na ya 26 ni 559. Milimita 13 zinatosha kukulaza njiani. La 26 utalipata, labda la ubora wa chini, labda limekaa juani mlangoni mwa duka toka lilipokuja, lakini litaingia na litazunguka.

Vali ni jambo dogo linaloamua siku nzima. Zile nyembamba za baiskeli za mashindano ni nyepesi na nzuri, ila pampu ya kijijini haizijui. Vali nene, kama ya gari na pikipiki, inajazwa na kila kijana anayeziba pancha za bodaboda kando ya barabara, tena kwa kompresa. Kabla ya kununua rimu uliza tundu lake. Tundu pana linapokea vali zote mbili ukiweka kipete kidogo cha mpira. Tundu jembamba haliwezi kupokea vali nene mpaka litobolewe, na sitaki kuwa pale fundi anapotoboa rimu yangu kwa msumari wa moto.

Kuhusu mbigili, hakuna mwendesha baiskeli wa Same au Mkomazi asiye na hadithi. Vile vimbegu vyenye pembe hulala mchangani wakati wa kiangazi na kuingia kwenye tairi vitatu vitatu. Siku hizi watu wanaondoa tyubu kabisa na kumwaga maji ya mpira ndani ya tairi, yanayoziba tundu yenyewe. Inafanya kazi. Mimi nimeendesha nyuma ya mtu wa namna hiyo, nikaona miiba imejaa tairini mwake na yeye anacheka, mimi nimekaa chini ya mgunga nabandika kiraka. Tatizo ni kwamba joto la tambarare hukausha yale maji mapema kuliko kopo linavyoahidi, na ubavu wa tairi ukichanwa na jiwe, unarudi kwenye tyubu kama sisi wengine, huku mikono imejaa gundi nyeupe. Suluhisho langu ni la kizamani: nakata tairi jembamba lililochakaa, naondoa kingo zake za waya, nalilaza ndani ya tairi zima kati ya mpira na tyubu. Linaongeza uzito, nakubali. Na nabeba solusheni mbili, kwa kuwa kopo likishafunguliwa hukauka ndani ya begi bila kukuaga.

Chuma au alumini? Kila njiapanda yenye maduka matatu ina fundi wa kuchomelea. Keria ya nondo nyembamba ikikatika, dakika kumi na elfu chache, unaendelea. Alumini hawezi kuishika kwa ile mashine yake, na akijaribu ataitoboa. Hata fremu ya chuma nayo ina masharti: ukuta wa bomba la baiskeli ya kisasa ni mwembamba sana katikati, na moto wa kuchomelea mageti unaukata kama siagi. Kwenye keria namwachia fundi afanye atakavyo. Kwenye fremu nakaa naye, namwomba apige moto kidogo kidogo, na ikiwezekana tunaifunga kwa chuma cha nje na waya mpaka tufike mjini.

Breki nilizifikiria sana kwa sababu ya barabara ya Lushoto. Mombo iko chini kwenye joto la barabara kuu, Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kati yao kuna kilomita thelathini na ushee za kona, na Soni katikati na maporomoko yake. Kupanda ni kazi ya asubuhi. Anza giza halijaisha vizuri, kwa maana jua likishaupiga ule ukuta wa mawe unaendesha ndani ya tanuri, na malori ya mboga yanashuka bila kukuhurumia. Lakini kushuka ndiko kunakopima vifaa. Breki za mafuta zinashika vizuri ajabu, kidole kimoja tu. Bomba likipasuka Lukozi, hata hivyo, huyo fundi wa kutoa hewa na kuongeza mafuta yuko Moshi au Dar es Salaam. Waya wa breki unauzwa kila mahali. Nabeba mmoja, na pedi mbili, maana udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hula pedi kama msasa.

Udongo huo unastahili maneno yake. Machi hadi Mei, masika, usipeleke baiskeli juu ya Magamba ukitarajia kuendesha. Tope linajaa kati ya tairi na fremu, gurudumu linasimama, unabeba baiskeli iliyopaswa kukubeba wewe. Madigadi mazuri ya plastiki yanayozuia maji barabarani ndiyo ya kwanza kukwama. Vuli nayo ina siku zake mbaya. Nimependa Juni hadi Septemba, baridi na ukungu vikiwepo, au Januari na Februari. Ndani ya msitu wa Magamba hata kiangazi kuna sehemu zisizokauka, na ni hifadhi, kibali kinakatwa Lushoto kabla ya kuingia.

Mabegi ya baiskeli nilishonewa na fundi cherehani wa turubai za malori. Nilikata boksi la kadibodi nikalichonga likae sawasawa ndani ya pembetatu ya fremu, nikampelekea boksi badala ya vipimo. Kidokezo hicho ni cha bure: mpe fundi umbo, usimpe namba. Akauliza, "Hili la kuwekea nini, mdogo wangu?" Nikasema nguo na chakula. "Na kwa nini usifunge tu gunia kwenye keria?" Nikamwonyesha jinsi mzigo wa juu unavyoyumba kwenye kona. Akaelewa papo hapo, kwa kuwa amefunga maturubai ya malori yaliyopinduka. Vizito vikae chini na katikati: maji, spana, mchele. Vyepesi viende mbele kwenye usukani na nyuma chini ya kiti.

Alitaka kuweka zipu ndefu. Nilimkatalia. Vumbi la njia zetu linaingia kwenye meno ya zipu, meno yanatawanyika, na begi lisilofungwa linamwaga vitu vyako kilomita tano kabla hujajua. Tukafanya mdomo mrefu unaokunjwa mara tatu na kufungwa kwa mkanda. Zipu ninazikubali kwenye hema tu, na hata huko nazipiga mswaki kavu na kuzipaka nta ya mshumaa. Turubai la lori lenyewe halipitishi maji, ila kila tundu la sindano linapitisha, kwa hiyo nguo za kulalia hukaa ndani ya mfuko wa pili.

Nilijifunza zaidi kuhusu kufunga mizigo kwa punda kuliko kwa baiskeli. Kutoka Bulati kwenda Empakai na kuteremka hadi Engaresero, karibu na Ziwa Natron, mizigo hupanda punda na watu hutembea. Vijana wa Kimaasai hupima sogi mbili kwa kuzinyanyua mkono huu na mkono huu, macho yamefumbwa, wanahamisha sufuria moja, wanapima tena. Kitu chenye kona kali hakikai upande wa ubavu wa mnyama. Kitu kinachogonga hakiruhusiwi kabisa, punda atakitupa. Nilipoyafanya hayo kwenye baiskeli yangu, ule mlio wa tak tak uliokuwa ukinifuata miezi yote uliisha.

Na hao vijana walikuwa na katambuga miguuni. Mimi na viatu vyangu vya kupimwa kwa ukucha, wao na raba ya tairi na mikanda mitatu. Kwenye Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, tulianza usiku wa manane kukwepa joto la bonde, na mteremko ule wa majivu magumu unasimama kama paa la msonge. Sitamshauri mtu wa mjini apande Lengai na katambuga. Mguu wake haujazoea. Ila niliona kwamba majivu yanayoingia kwenye kiatu changu na kunisaga kisigino yalikuwa yanatoka kwenye katambuga kwa kila hatua. Tangu hapo nabeba jozi kwenye begi. Za kambini, za kuvukia mito, na za siku viatu vikilowa.

Sasa niseme mahali ambapo kanuni ya fundi haifanyi kazi, kwa sababu wapo wanaoipenda mno wakaumia. Baridi haina fundi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita, na usiku wa Julai huko juu ya Lushoto utakuta watu wamevaa makoti ya pamba nzito kwenye baraza la mgahawa. Ukiwa na begi la kulalia la manyoya ya bata, ukungu wa Usambara utalilowesha polepole, na manyoya yaliyolowa yanashikana na kukuacha na kitambaa kitupu. Mlimani juu ambako hewa ni kavu, manyoya ni bora kuliko vyote. Msituni nachukua la nyuzi za kutengenezwa, zito zaidi, ambalo likilowa bado linakumbuka kazi yake. Na jali cha chini yako kuliko cha juu yako: ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha. Nimewaona wagumu wakilala na blanketi jembamba juu ya godoro zuri la povu wakaamka wazima, na wageni wenye mabegi ya kulalia ya gharama, yaliyotandikwa juu ya nailoni ya hema tupu, wakiamka wanatetemeka. Wagumu wenyewe wasiokuwa na nguo za baridi, lipo shirika la kusaidia wagumu, KPAP, pale Moshi linalowaazima bure. Wengi wanaoanza kazi hawalijui.

Koti la mvua vilevile. Memorial, ligeuze ndani nje. Kama ule utando wa plastiki unanata vidoleni, au utepe juu ya mishono unabanduka, limekufa kwa ugonjwa ule ule wa viatu vya mwenzangu. Mwagia tone la maji kwa nje. Likisambaa na kuzama, bado lina matumaini, lifue kwa sabuni kidogo, lisuuze sana, mara nyingi uchafu ndio unaoziba. Ponjo, lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, ni nzuri kwa anayetembea kwa miguu, na kwa mtu mwenye begi mgongoni sijaona bora. Juu ya baiskeli ni tanga. Upepo wa ukingo wa Mtae utakupeleka usikotaka.

Kama mpishi wa zamani lazima nigusie jiko, japo wenye baiskeli wengi hubeba majiko makubwa kuliko njaa yao. Kule Barafu maji yanachemka kwenye nyuzi zipatazo 85 tu, kwa hiyo maharage hayaivi hata uchochee mpaka asubuhi. Tambi nyembamba, uji, supu, viazi vilivyochemshwa chini. Mitungi midogo ya gesi ya kusafiria ni ya kutafuta Moshi na Arusha, ukiondoka huko uhesabu huna. Ile yenye buteni tupu inakataa kuwaka baridi ikikaribia kuganda, basi lala nayo ndani ya begi la kulalia pamoja na simu na betri za taa. Chupa ya maji igeuze kichwa chini usiku, barafu huanzia juu, na asubuhi mdomo utakuwa wazi. Na kichujio cha maji cha nyuzi nyembamba kisiachwe nje kamwe: kikiganda nyuzi zinapasuka ndani, huoni kitu, kesho unakunywa ulichodhani umekichuja. Usambara yote mimi hutegemea mama ntilie. Wali maharage Lukozi, chai ya tangawizi, mapeasi ya msimu barabarani, na pale Irente mkate na jibini. Jiko nabeba la dharura.

Kulala, nenda kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji. Hili sijawahi kuona kifaa kinacholishinda. Hema lililofichwa kichakani linazua maneno. Hema lililo mbele ya ofisi ya kijiji ni la mgeni wa kijiji. Mwenyekiti mmoja wa upande wa Mtae, mzee mwenye koti la suti juu ya msuli, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatoka wapi na mabaiskeli hayo?"

"Lushoto, mzee. Tunaomba mahali pa kusimamisha hema."

"Gari lenu limeharibika?"

"Hapana mzee, tumekuja hivi hivi."

Akazunguka baiskeli, akaminya tairi. "Kwa hiyo mnalala nje kwa hiari yenu, na kwenu kuna nyumba." Halafu akamtuma mjukuu alete kuni. Jina letu likaandikwa kwenye daftari, mgambo akaambiwa, na asubuhi kila mtu aliyekwenda shamba alijua tulikuwa kina nani. Kwa wanaotembea kwa miguu kupitia Rangwi, masista wa pale hupokea wageni, na ukifika umelowa hutatamani hema.

Kitu kimoja kinanisumbua siku hizi. Kila nikirudi Usambara nakuta fundi baiskeli mmoja amegeuka fundi bodaboda. Simlaumu. Pikipiki ndizo zinazopanda na mboga sasa, zile Phoenix za kusukumwa na viroba vya viazi zimebaki chache milimani, ingawa ukienda Tabora au Shinyanga bado zinatawala. Duka la Lukozi lililokuwa na matairi ya baiskeli mlangoni sasa limetundika tyubu za pikipiki. Vali ni ile ile, solusheni ni ile ile, hilo linanipa nafuu. Cheni si ile ile. Spoku si zile zile. Nimeanza kubeba cheni nzima ya akiba na spoku nne nimezifunga kwa utepe ubavuni mwa fremu, mambo ambayo zamani ningeyaita woga.

Mara ya mwisho nilimpitia kijana wa pale Magamba, mwanafunzi wa fundi mzee niliyemzoea, nikamuuliza kama anaweza kunichongea kipande cha tairi la pikipiki cha kuweka ndani ya tairi langu lililochanika ubavu. Hakuacha kufungua injini iliyokuwa mbele yake.

"Naweza, kaka. Ila baiskeli ni elfu tatu, pikipiki ni elfu mbili."

"Kwa nini baiskeli iwe ghali?"

"Kwa sababu sina mazoea nayo."

Nikalipa.